Vitabu Tisa Kabla ya Mwaka Kuisha

Jumatatu, 22 Desemba 1975

Vitatu! Januari niliapa mbele ya darasa zima la kisomo kwamba mwaka huu nitasoma vitabu kumi na viwili. Leo Mwalimu Verdiana katusomea hesabu. Mimi vitatu. Shemeji yangu Romana, mjane wa marehemu kaka, kumi na kimoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikakohoa.

Si mchezo. Kamati ya kijiji imeamua: atakayefikisha kumi na viwili ndiye msoma barua wa kijiji. Msoma barua ni mimi! Mwaka wa nne huu nakaa kwenye kigoda barazani kwa Mustapha mwenye duka. Barua zikiletwa kutoka Mpanda mjini, nazisoma mimi. Nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi Tabora, najua kabla ya mama yake. Pale wino unapofifia naongeza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kigoda sikiachii!

Jumanne, 23 Desemba

Mpango. Ukimaliza kitabu unasimama, unalieleza darasa, Mwalimu anakuwekea alama. Hakuna aliyesema lazima ukifungue. Nikachagua cha nyuki. Mizinga ninayo tangu enzi za Mwingereza! Nikaeleza moshi, magome, kupanda mti, kuumwa. Makofi. Mwalimu akasema nimeeleza vizuri sana, Mzee Bartolomeo, ila kitabu kinasema mizinga ya magome tuiache, tutengeneze ya mbao.

Nikamwambia kitabu kimekosea, akipeleke kwa nyuki wakisahihishe.

Hakuweka alama. Romana akauliza kama na kile cha uzazi nitakieleza bila kukifungua. Shemeji gani huyu!

Jumatano, 24 Desemba

Nikamwomba mke wangu Getrude anisomee, yuko uani anapepeta mchele wa sikukuu. Akasema sawa, nikimchotea maji. Ndoo tatu! Mzee mzima na ndoo, kijiji kinatazama. Romana akanipungia mkono kama ananiaga kwenda safari.

Getrude akafungua kitabu cha mahindi. Kuanzia ukurasa wa nane hadi wa ishirini, hakuna kitu. Akaniangalia. Nikaangalia mawingu. Tumbaku ya Inyonga ni tamu, lakini haijisokoti yenyewe. Getrude akasema kitabu hicho sikukisoma, nilikivuta.

Akauliza pia kwa nini sisomi mwenyewe, na kwa nini nikishika kitabu nanyoosha mkono kama namfukuza mtu. Nikamwambia pana giza hapa.

Tulikuwa juani.

Ijumaa, 26 Desemba

Mungu anisamehe, Krismasi ilikuwa jana tu. Mvua ilianza ghafla, Romana akakimbilia mihogo aliyoianika, akasahau miwani yake kwa Mustapha. Ile aliyopewa na masista wa misheni. Bila miwani hana kitabu cha kumi na mbili. Nikaikaribisha mfukoni mwa koti.

Nyumbani nikaivaa nimwigize Romana, Getrude acheke. Nikashika kitabu cha choo kwa maringo, mdomo nimeubetua. Lo! Herufi zikajipanga kama askari kwenye gwaride. Nikasoma ukurasa. Nikasoma kitabu kizima. Nikasoma na cha kuku. Getrude kaniita kula mara mbili.

Siri nimeijua. Miwani hii imeshasoma vitabu kumi na kimoja. Imezoea njia.

Jumapili, 28 Desemba

Saba! Jana Mwalimu kaniwekea alama nne kwa mpigo. Vyembamba, ndiyo, lakini kitabu ni kitabu.

Baada ya misa nikakaa mlangoni na cha samaki. Romana akaja. Akauliza kama nimeiona miwani yake. Nikasema pole sana shemeji, sijaiona, labda mbuzi kaila. Akasema mbona iko puani kwangu.

Getrude alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia Romana nilikuwa nampashia miwani moto. Hakugomba. Ndicho kilichoniuma! Akachukua miwani yake, akauliza taratibu macho yameanza kunisumbua lini. Nikasema macho gani. Akanisogezea kitabu, akasema haya, soma. Nikamkumbusha leo ni Jumapili, watu wanapumzika.

Jumatano, 31 Desemba

Romana kamaliza. Mimi saba. Kigoda kakichukua. Alianza na barua ya Mwanaiddi kutoka kwa mwanawe aliyeko Kigoma. Mistari minne, imekwisha. Mwanaiddi akashangaa: mbona mtoto siku hizi hasalimii majirani wote kwa majina, wala haulizi habari za Mzee Bartolomeo na kama amepelekewa asali? Watu wote wakanigeukia. Nikafunga kamba ya kiatu.

Halafu Romana akasema, mbele ya baraza zima, Januari anakwenda kwa masista. Twende wote nikapimwe macho. Nikipata miwani, kigoda tutakikalia kwa zamu, yeye wiki, mimi wiki.

Nikakataa! Macho yangu ni mazima kabisa. Wanaochapa vitabu ndio wagonjwa. Nikapanda juu ya gunia la chumvi, Mustapha anapiga kelele nishuke, nikaapa: mwakani ishirini na vinne! Romana akasema basi niongeze kwanza urefu wa mkono.

Kesho Mwalimu Verdiana ataniandikia barua kwenda wizarani, wachape herufi kubwa, kila moja kama kifaranga. Ataiandika yeye. Mimi nitaisoma neno kwa neno kabla haijatumwa, asije akakosea.