Chumvi Niliyoitoa Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mchungaji Jedida anatafuta mwalimu wa darasa la Biblia la watu wazima hapa kanisani kwetu Barani. Jumapili hii nifundishe mimi, ile ya pili Eugene. Kisha ataamua. Eugene ana cheti cha chuo cha Biblia, amekitia fremu. Mimi nina simu. Nimemshukuru Mungu kwa simu.

Jumanne, 4 Machi
Lynn, katibu wa vijana, amenionyesha tovuti nzuri. Moja ina tafsiri nyingi za Biblia zimepangwa sambamba. Nyingine kamusi ya Kiebrania na Kigiriki. Nyingine maelezo ya wafafanuzi. Ipo hata inayomsomea mtu Biblia kwa sauti, Kigiriama kikiwemo! Akanisihi nisome kwanza fungu lenyewe, ndipo niwafuate wafafanuzi, tena nitazame aliyeandika aliwaandikia kina nani. Binti mwenye busara. Nilimshukuru sana. Alipotoka tu, nikatafuta mahubiri yaliyokwisha kuandikwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata. Pale Yesu anapowaita wafuasi wake chumvi. Kurasa sita za mhubiri wa nchi ya mbali, na kompyuta imezigeuza Kiswahili kufumba na kufumbua. Nimenakili zote daftarini. Mke wangu Kahonzi ameuliza kama nimezielewa. Nimemjibu kwamba mwalimu huelewa akishasimama.

Ijumaa, 7 Machi
Eugene, sokoni. Analalamika kwamba wiki nzima hajavuka mstari mmoja. Maskini. Nimemwombea.

Jumapili, 9 Machi
Nilianza vizuri. Ukurasa wa pili nikajisikia nikisema kwamba kila mmoja wetu asubuhi hii amemwaga chumvi mlangoni pake asiteleze kwenye barafu. Watu wakaacha kujipepea, wakanitazama. Eugene akainamia Biblia yake, mabega yakitikisika. Nikaruka ukurasa. Huko nikasoma kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona chumvi ikivunwa.

Bi Kadzo, mmoja wa wazee wa darasa, akanyoosha mkono. Amekwangua chumvi kwenye mabwawa ya Marereni miaka ishirini na miwili.

“Mwanangu,” akauliza kwa upole, “haya umeyatoa wapi?”

Nikakiri: mtandaoni.

“Basi kaa kidogo, nikupe ya Marereni.”

Nikakaa. Akaeleza maji ya bahari yanavyoingizwa mabwawani, jua linavyoyakausha, miguu inavyopasuka.

“Chumvi ya juu huenda mezani kwa watu,” akasema. “Ya chini, iliyoingia tope, haina ladha. Humwagwa njiani, nasi tunaikanyaga tukienda kuzoa nyingine. Nilipofiwa na mume wangu, nilijiona mimi ndimi ile ya njiani. Nyinyi mkaja nyumbani, mkanizoa.”

Mchungaji alifuta macho. Mimi pia, ingawa nilisingizia vumbi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kumshukuru Bi Kadzo kwa kuniokoa. Amesema hajui kusoma. Yote ayajuayo ameyasikia kanisani. Nikamfungulia ile tovuti ya sauti katika simu yake. Kigiriama kikatoka. Akaishika simu kwa mikono miwili.

“Kumbe hunena kama mama yangu,” akasema.

Tukalisikiliza fungu la chumvi mara tatu. Zuri sana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia lote.

Jumapili, 16 Machi
Eugene amefundisha. Mstari mmoja, saa nzima, na sikusinzia. Mchungaji amemchagua yeye. Mimi nimepewa kazi ya kuwafungulia wazee Biblia za sauti katika simu zao. Wazee kumi na mmoja tayari! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Tena Eugene ni muungwana. Jumapili ijayo darasa linakwenda Ganze kwa wakulima, naye ameniomba niseme machache juu ya mfano wa mpanzi. Lynn amenikumbusha nisome kwanza fungu lenyewe. Nimemshukuru sana.

Mungu ni mwema. Mchana huu huu nimepata kurasa tisa juu ya mpanzi, za bwana mmoja anayeishi ghorofa ya kumi na nne. Nimeshazinakili zote. Nitazisoma tukifika Ganze.