Malalamiko Kuhusu Mama Ishirini na Wanne Wanaoishi Kabatini

Kwa Profesa, Mkuu wa Maabara ya Uzee wa Seli,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi marahaba, nimeitika mapema ili tusipoteze muda.

Mimi ni mshonaji wa nguo, na ndiye mama mzazi wa mtafiti wako, yule mrefu anayecheka huku ameziba mdomo. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini ujue nimekasirika. Kalamu hii ni ya pili, ya kwanza nimeivunja kwenye neno "shikamoo."

Binti yangu alikuja nyumbani na kisanduku cha vifaa, akaniomba kipande cha ngozi ya mkono kisichozidi punje ya dengu. Akanieleza kwamba ndani ya ngozi mna seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba mtazikuza ili mjue kwa nini binadamu anazeeka. Nilitoa. Mtoto uliyemzaa akikuomba ngozi, utamnyimaje? Sasa seli hizo zimejaa vichupa ishirini na vinne, vimeandikwa Mama wa Kwanza hadi Mama wa Ishirini na Nne, na wote wanakaa katika kabati lenye joto la mwili. Tangu siku hiyo, miezi minane, binti yangu hajakanyaga hapa. Kila nikimpigia simu ananiambia hawezi kuja, eti anamlisha Mama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chakula. Wale wa kabatini wanabadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili, maji ya rangi ya waridi yaliyotiwa majimaji ya damu ya ndama. Ndama, Profesa! Mimi hapa wiki hii nimekula maharage siku nne mfululizo. Sisemi maharage ni mabaya. Nasema tu kwamba kama wale ni mimi, basi ninakula vizuri sana mahali ambapo sipo.

2. Rangi. Binti alinitumia picha ya bango la seli zangu mlilobandika kwenye mkutano wa wataalamu. Mmenipaka kijani na nyekundu ya kung'aa, mbele ya watu wazima na akili zao. Nimeshona miaka thelathini na mitano. Mteja akiniletea vitambaa vya rangi hizo pamoja, namrudisha kwake akafikirie upya. Na chini mmeandika "sampuli iliyozeeka." Iliyozeeka nani? Nina miaka sitini na mmoja na bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani!

3. Msiba. Mwezi uliopita Mama wa Saba aliingiwa na ukungu akafa. Niliambiwa kwa simu, juu juu tu, kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha. Nikauliza amezikwa wapi. Nikajibiwa kwamba amemiminiwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akamwagwa kwenye sinki. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunipa pole. Jirani yangu kinyozi ndiye aliyekuja, na yeye alikuwa anacheka.

4. Hili ndilo kubwa. Nimelifikiria nikiwa napiga pindo la gauni la bibi harusi, na pindo likaenda upande. Ama wale ni mimi, ama si mimi. Kama ni mimi, basi nafanya kazi kwenu mchana na usiku bila likizo, na jina langu liwekwe kwenye makala yenu, la kwanza, juu ya lako, maana wewe hukutoa hata unywele. Na kama ni mimi, mwanangu anamwona mama yake kila siku kwa hadubini, anamchungulia kama amelala vizuri, na mwenye mwili ndiye asiyeonwa. Kama si mimi, basi ni ute kwenye vichupa tu, na mtoto wa mtu hanyimwi Jumapili moja kwa ajili ya ute.

5. Kwa hiyo nadai Mama wote ishirini na watatu waliobaki warudishwe nyumbani kabla ya Ijumaa. Kabati la joto sina, lakini kabati langu la vitambaa limegusana na ukuta wa jiko. Nitawalisha mwenyewe. Wakiwa huku, binti yangu atalazimika kuja kuwaona.

Hapo umeshaiona nia yangu, na siifichi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Cherehani inapiga kelele mchana kutwa, ikinyamaza hakuna sauti nyingine, nami siku hizi nimeanza kuisimulia habari. Nimemkumbuka mwanangu, Profesa.

Nisalimie watafiti wote, mlinzi wa getini, na yule anayeosha vichupa, ambaye naamini hakuna anayemshukuru. Nisalimie na hao Mama wote, isipokuwa marehemu.

Ni mimi,
Mama wa Ishirini na Tano, asiye na kichupa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, simu imelia. Ni binti yangu. Ule ukungu wa Mama wa Saba umeenea kabati zima, na leo asubuhi amewakuta wote wamekufa. Alilia kama nimekufa mimi, nikajikuta nambembeleza na kumpa pole kwa kifo changu. Anasema kazi ya miezi minane imeharibika, itabidi waanze upya na ngozi mpya, na Jumapili anakuja mwenyewe kuichukua. Akaniuliza kwa woga kama nitakubali kukatwa tena. Profesa, nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Endeleeni na utafiti, una manufaa makubwa kwa binadamu. Mkono wa kushoto nimeshauosha. Ila naambiwa wewe ndiye unayepanga ukubwa wa kipande. Tafadhali panga kidogo, kisitoshe.