Sahani Hairudi Tupu

Jumatatu, 3 Novemba 2008

Baba mukwe amefika! Muzee Ntirenganya mwenyewe, kutoka Kalengera, kule Rutshuru, siku tatu kwa miguu, watu saba, godoro moja. Vita imewafukuza. Nimefurahi sana. Nimeogopa zaidi.

Tangu ndoa anasema mimi Evariste siwezi kulisha hata paka. Leo ameangalia sufuria, akaniangalia mimi, akarudia sufuria. Akauliza kama huku mtaani Katoyi tumeanza Kwaresima. Halafu akamwambia Charline, mke wangu, kwamba anatupa mpaka Jumapili. Baada ya hapo anapeleka watu wake kambini, heri hema kuliko maji ya maharagi. Aibu! Wakwe zangu chini ya hema, na mimi nina kuta nne!

Jumanne, 4 Novemba

Akili imekuja! Nilikuwa nafungua redio ya mutu niitengeneze, ikaja yenyewe. Mutu mwenye heshima harudishi sahani ya jirani tupu. Basi: natuma sambaza kidogo, samaki zetu ndogo za ziwa, napokea chakula kingi. Nani atanishtaki?

Sahani tatu zimeondoka, zimefunikwa vizuri. Moja kwa Mama Katungu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mutu wa Butembo, mdomo kama filimbi. Moja kwa katekista Kamate. Moja mpaka Himbi, mtaa wa matajiri, kwa Papa Carlos, mkubwa wa ofisi, mimi ndiye natengenezaga redio yake.

Charline amesema huo si ukarimu, ni uvuvi. Nimemjibu hata Petro alikuwa mvuvi.

Jumatano, 5 Novemba

Ushindi! Mama Katungu amerudisha sahani: sombe, majani ya muhogo kwa mawese, mpaka ukingoni! Muzee amekula, jasho likamtoka, akaomba tena. Kwa Muzee, hiyo ni medali.

Nimemtumia Mama Katungu sambaza tena, haraka, kabla moto haujapoa. Charline alizikaanga huku akinigombeza, zikaungua upande mmoja. Si kitu. Sahani haina macho.

Ijumaa, 7 Novemba

Sahani ya Himbi imerudi! Nilikimbia mpaka kwenye lango. Imeoshwa. Inang'aa. Ndani kuna karatasi: merci beaucoup, asante sana, basi. Mutu amesoma mpaka Ulaya na hajui sahani! Muzee ameuliza kama karatasi hiyo tunaichemsha ama tunaikaanga.

Saa kumi, sahani ya Kamate. Nimefunua kwa mikono miwili. Sambaza! Zimeungua upande mmoja. Zangu! Mama Katungu alizipeleka kwa Kamate, Kamate akaniletea mimi. Kumbe kila nyumba ya avenyu hii imejaa watu wa Rutshuru, na kila nyumba inavua.

Mama Katungu akapaza sauti juu ya ukuta, avenyu nzima isikie: Papa Evariste, samaki zako zinajua njia ya nyumbani!

Jumapili, 9 Novemba

Nimetoka misa. Muzee amefunga godoro kwa kamba. Charline analia. Nimeshika godoro upande huu, Muzee upande ule, tunavutana kama watoto.

Mara Mama Katungu akaingia na sufuria kichwani. Amesema sahani zimechoka kutembea. Kila mutu alete alichonacho, tule hapa, maana ugonjwa huu ulianzia kwa Evariste. Kamate akaleta maharagi. Wengine bugali, viazi, mboga ya lengalenga, ndizi. Uwanja umejaa! Mama mmoja wa Rutshuru alionja mboga ya wenzake akacheka, ni upishi wa kwao; nikasikia wanaulizana wametoka kijiji gani.

Muzee alikula kila sufuria. Kisha akasimama mbele ya wote, akasema alinikosea: mukwe wake ni mutu mwenye watu. Mbele ya wote! Nilijifanya nina moshi machoni.

Akafungua godoro. Akaomba simu yangu. Akawapigia ndugu zake wote walio kambini: njooni kwa Evariste, hapa vyakula vinaingia vyenyewe.

Kumi na mmoja. Wanafika Jumanne. Charline ameketi chini, anahesabu kwa vidole.

Mimi nimekaa nikafikiri vizuri, na kosa nimeliona. Sahani zilikuwa ndogo! Kesho natuma sambaza kwa beseni. Beseni sina, lakini Mama Katungu anazo mbili kubwa. Nitaazima zote mbili, na ya kwanza naituma kwake.