Nyimbo Zisizo na Kufuli

Mwaka 2008, katikati ya mji wa Dodoma, Cornel aliiona riziki yake ikifuta machozi. Ilikuwa ndani ya intaneti kafe ya Bashiri, kwa umbo la Generosa, katibu wa kwaya ya wafanyakazi wa wizara moja. Mdogo wake aliyeko Ulaya alikuwa amemnunulia nyimbo za kwaya mtandaoni, nyimbo halali kabisa, ila simu yake ilikataa kuzifungua. Ruhusa ilikuwa ya kompyuta ya mdogo wake peke yake.

“Hizo zina kufuli, dada,” Cornel alisema, kwa masikitiko ya daktari bingwa. “Mimi ninazo hizo hizo bila kufuli. Unahamishia simu yoyote unayotaka.”

Hakuwa nazo. Ila alijua kwaya iliyoziimba inazigawa bure kwenye tovuti yake, jambo ambalo hakuona sababu ya kumchosha nalo dada wa watu. Bashiri, mtu asiyejua neno huruma, alimpa Cornel kompyuta wiki nzima ya kuzipakua, akashika pikipiki yake rehani: Jumamosi ikifika bila malipo ya laki moja, pikipiki imekwenda. Cornel hakutetereka. Wanakwaya walikuwa arobaini, na bei ilikuwa elfu kumi kwa kichwa.

Jumamosi mchana alitinga mazoezini na shati lililopigwa pasi, akahubiri habari za kufuli mpaka waimbaji wa sauti ya nne wakaguna.

“Shikamoo, mzee,” alimalizia kwa mwalimu wa kwaya, Mzee Yotham.

“Marahaba. Tutajuaje kwamba hazina kufuli?”

“Leteni simu, mzee. Mjionee wenyewe.”

Wakapanga foleni. Kwa saa tatu nzima Cornel alichomeka na kuchomoa waya, jasho linamtoka. Kila simu ilipoimba alipigiwa vigelegele, naye akazidi kuvimba kichwa.

Ya arobaini ilipoimba, akajifuta uso. “Sasa malipo, wapendwa.”

Generosa akampa elfu kumi.

“Na wengine?”

“Wengine walikuwa wanajaribu tu. Sisi daftari la nyimbo tunanunua moja, kila mtu ananakili. Ndivyo kwaya zinavyofanya, kaka.”

“Basi wazifute.”

“Tufute nyimbo za Mungu?” Mzee Yotham alisikitika kwelikweli. “Simameni, tumwombee kijana huyu.”

Maombi yalikuwa marefu. Cornel alipofumbua macho, Bashiri alikuwa amesimama mlangoni, ameshavaa helmeti.