Kadi ya Feni Tatu

Watu walimwita Dhamana kwa sababu kila alichouza alikitolea dhamana, na dhamana yenyewe ilikwisha pale alipokata kona. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vipuri vya kompyuta, shati jeupe limenyooshwa, roho imekunjamana.

Pikipiki yake, ambayo ndiyo ofisi yake, miguu yake na heshima yake mtaani, ilikuwa imefungwa mnyororo kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta wa jamaa mmoja anayeitwa Tingatinga. Dhamana alimwahidi Tingatinga kadi kubwa ya picha, ile inayofanya michezo iende bila kukwamakwama, akapokea pesa na kupotea. Tingatinga si mtu wa kesi. Aliichukua pikipiki akasema, "Niletee kadi leo kabla sijafunga, niione ikifanya kazi kwa macho yangu. Usipoleta, hii naiuza."

Ndipo akaingia mama mmoja, akamwambia muuzaji, "Kadi niliyonayo ni kubwa, ya feni tatu, lakini pawa yangu, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, ni ndogo. Nataka kadi ndogo isiyokula umeme. Mimi nahariri video za harusi tu."

Feni tatu! Dhamana alimeza mate.

"Samahani dada yangu, nimesikia bila kukusudia," alisema, na huo ukawa uongo wa kwanza wa siku. "Hiyo kadi na hiyo pawa haviendani hata kidogo. Ni kama kupikia jeshi kwa mshumaa. Itaunguza. Leo kadi, kesho mazabodi, keshokutwa mapazia."

"Na mapazia?"

"Moto hauchagui, dada."

Tuseme haki: kuhusu pawa na kadi Dhamana hakujua lolote. Maneno hayo aliyaokota pale pale kaunta, kama kuku anavyookota punje. Lakini aliyasema kwa huzuni kubwa, na huzuni ndiyo iliyokuwa elimu yake.

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akachukua muda wake. "Basi leo nimepata mkombozi," alisema. "Wewe unayo ndogo?"

Alikuwa nayo mkobani, nzima kabisa, aliyoipata kwa njia ambazo hatutaziulizia.

Chumba cha kazi cha mama kilikuwa na meza, vigoda viwili na kompyuta yenye ubavu wa kioo. Ndani yake kadi ilijinyoosha, feni tatu zikizunguka, taa zikibadilika rangi. Dhamana aliona pikipiki yake ikirudi nyumbani.

"Umeiunganisha mwenyewe?"

"Kipande kwa kipande. Nilianza na kasha tupu, mume wangu akawa anaweka soksi humo."

Kwenye skrini bwana harusi alikuwa akicheza muziki: anainua mguu, anaganda, anaushusha.

"Umeona anavyokwama? Hiyo ndiyo dalili," alisema Dhamana. Aliweka sikio kwenye kasha, akanusa. "Pana harufu."

"Ya nini?"

"Ya hatari."

Nyuma ya kompyuta hakuangalia. Nyuma kulikuwa na vumbi, na shati, kama tulivyosema, lilikuwa jeupe.

"Kwa kuwa nina huruma," aliendelea, "tubadilishane. Wewe chukua ndogo, mimi nikuondolee hili balaa."

"Kubwa kwa ndogo? Kubwa ni kubwa, kaka."

Dhamana aliongeza waya mmoja mpya, akaongeza na mwingine. Mama akakubali, kwa shingo upande. "Ila kwanza niweke ya kwako, nione video inakwenda mpaka mwisho. Yangu umeshaiona?"

"Nimeiona na nimeridhika kabisa."

"Hakuna kurudishiana?"

"Hakuna kurudishiana," alisema Dhamana upesi, akiogopa mama asije akajifikiria.

Mama akazima mashine, akafungua skrubu, akatoa kubwa na kuweka ndogo, kisha akazunguka nyuma kurekebisha waya. Dhamana wala hakutazama. Alikuwa akiifunga kadi yake kwa gazeti huku akipiga mluzi. Bwana harusi sasa alicheza laini kama maji. Wakaagana kwa heshima zote.

Tingatinga aliichomeka kadi mbele ya wateja wake. Feni zikazunguka, taa zikawaka nyekundu, zikawaka buluu. Skrini ikabaki giza. Akabadilisha skrini. Giza. Akaihamishia kwenye mashine nyingine. Giza.

"Lakini feni zinafanya kazi," alisema Dhamana.

"Kwani watu wanakuja hapa kupigwa upepo?"

Tingatinga akatoka nje, akampa mkono mtu mmoja aliyekuwa ameshakaa juu ya pikipiki akiijaribu honi.

Dhamana alirudi kwa mama kwa miguu, shati limelowa jasho.

"Mama, ile kadi ni mbovu!"

"Najua. Iliungua zamani."

"Picha si niliiona kwenye skrini?"

"Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, si kwenye kadi. Prosesa yangu, ubongo wa mashine, inatoa picha yake yenyewe, dhaifu, ndiyo maana ilikuwa inakwama. Kadi ilikuwa pambo tu. Feni zake zinazunguka hata ikiwa imekufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe ndiye uliyeniambia? Pawa ndogo, kadi kubwa, haviendani, itaunguza. Ndivyo ilivyoungua, kaka. Ulisema kweli tupu."

Dhamana alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mimi nilikuwa nadanganya," alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Hilo nalo najua. Yule uliyemuuzia betri ya sola iliyojaa mchanga ni mdogo wangu. Alikaa gizani na mtoto mchanga. Nilikutambua pale dukani kabla hujamaliza kusema samahani."

Akavaa hedifoni zake kubwa za kazi, akageukia skrini. Dhamana akaanza kusema. Aliomba, akaapa, akamtaja mama yake mzazi, akaieleza pikipiki ile kwa maneno yaliyopangika kuliko yote aliyowahi kuyatoa kinywani, na safari hii kila neno lilikuwa la kweli. Mama alikuwa ameongeza sauti ya muziki mpaka mwisho.