Maneno Saba ya Wepesi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima zote: funga mdomo. Usimwambie mwenzako wa nyumbani, usimwambie hata anayekunyoa nywele. Neno moja likitoka humu, nimekwisha.

Mambo yenyewe ni haya. Majaribio yangu ya miezi sita hapa masjala yanaisha Ijumaa. Nafasi ni moja, tuko wawili: mimi na Kimulimuli, kijana anayeonekana mlangoni na dirishani kwa wakati mmoja. Nikikosa, narudi kwa baba kupima misumari dukani. Baba atasema alijua.

Leo tumepewa fomu. Tueleze, kwa Kiingereza, tunavyofanya kazi. Kimulimuli kaandika neno moja, quick, yaani mwepesi, kaenda kunywa chai. Mimi nimekuja na yangu nyumbani. Ninaishi kwa dada, na shemeji ana kamusi ya visawe. Sisi tukisema fulani ni mwepesi, tumemaliza. Waingereza wameugawa wepesi mafungu: la miguu mbali, la vidole mbali, la akili mbali. Nimechukua yote. Swift, brisk, nimble, agile, prompt, alert, quick-witted. Saba kwa moja. Nalala na furaha.

Dada kauliza hao watu saba ni akina nani, maana mdogo wake anayemjua yeye hufunga kamba za viatu nusu saa. Jibu lilinijia nikiwa naoga.

Jumanne, tarehe 4

Nimejipalia makaa.

Mkuu wetu wa masjala alifundisha Kiingereza sekondari miaka ishirini. Hata sasa tunamwita Mwalimu. Kasoma fomu yangu mara mbili, kavua miwani.

"Mwanangu," kasema, "haya si maneno ya kupambia ukurasa. Swift ni mtu wa mbio. Nimble ni vidole. Quick-witted ni yule anayejibu kabla hujafunga mdomo. Mimi sitii sahihi neno ambalo sijaliona."

Basi atayaona yote, moja moja, kabla ya Ijumaa kwisha. Neno lisiloonekana ni uongo ndani ya fomu, na mwongo hathibitishwi kazini. Nikaomba nipunguze angalau manne. Haiwezekani, fomu imeshagongwa muhuri.

Kimulimuli kaniuliza kwa upole kama agile ni sabuni ya unga au ya kipande.

Lakini nina mpango. Tarishi wetu, mzee asiyeweza kukaa na siri, kaniambia kesho Mwalimu ataagiza faili la pampu za maji, na kwamba litatakiwa ghorofa ya nne.

Jumatano, tarehe 5

Nimefika ofisini saa kumi na mbili na nusu, kabla ya mfagiaji. Nimelipandisha faili la pampu ghorofa ya nne, nikalificha nyuma ya mtungi wa kuzimia moto. Nikashuka. Nikasubiri, mtulivu kama maji ya mtungini.

Saa tatu Mwalimu kaita. Anataka faili la pampu. Sasa hivi. Mezani kwake.

Mezani kwake ni chini. Tarishi alipatia faili, akakosea ghorofa. Kabati ambalo faili hukaa miaka yote liko hatua tatu kutoka kwenye kiti cha Mwalimu.

Ghorofa nne kupanda, nne kushuka. Dakika kumi na moja. Nimelikabidhi huku nimeshika ukuta. Mwalimu kalikata swift kwenye fomu kwa kalamu. Brisk, la mwendo wa haraka, pia, kwa safari hiyohiyo. Mwalimu kauliza kama niwekewe kiti. Nikakubali.

Tarishi sasa ananiita Bwana Swift. Ananiamkia kwa kusimama wima.

Alhamisi, tarehe 6

Nimble: kufunga mafaili ishirini kwa utepe, saa ikiwa mezani. La tatu nimelifunga pamoja na tai yangu. Nikaligundua niliposimama.

Kwa quick-witted nilijiandaa. Usiku wa jana nimekariri majibu matano makali, kwa mpangilio. Mwalimu hakujua mpangilio. Kauliza watu wawili wakitaka faili moja kwa pamoja nitafanyaje. Nikajibu, kabla hajafunga mdomo, kwamba nitafunga madirisha kwanza, kisha nitaangalia paa. Hilo lilikuwa jibu la swali la mvua.

Masjala nzima ikacheka. Nami nimecheka, nilipofika mezani kwangu.

Dada kanipikia vizuri bila kuuliza kitu. Dalili mbaya.

Ijumaa, tarehe 7

Siku ya mwisho. Kila mmoja kapewa sanduku la mafaili ya zamani ayapitishe kwenye mashine ya kuchana karatasi. Kimulimuli kamaliza kabla ya chai, kapangusa mikono, kaniombea heri.

Saa tano mimi nilikuwa bado kwenye faili la kwanza. Siwezi kuchana ukurasa nisiousoma. Naogopa tu, ndivyo nilivyo. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa vyeti halisi vya muuguzi mmoja, vya shule na vya chuo, ambavyo barua tatu za mwaka huu zinavitafuta. Nikaenda kwa Mwalimu nikidhani nimevihamisha mimi.

Kavitazama kimoja kimoja. Kisha katazama mifuko ya Kimulimuli iliyojaa vipande vya karatasi, kapumua kwa nguvu. Kachukua fomu yangu, kakata maneno yaliyobaki, yote, kaandika chini yake moja: slow, yaani mzito. Katia sahihi.

"Wepesi ninao wa kutosha humu," kasema. "Wasomaji sina."

Nimethibitishwa. Kimulimuli kahamishiwa mapokezi, na anafurahi. Watu wa foleni wanampenda. Baba kapigiwa simu. Kasema alijua.

Jumamosi, tarehe 8

Nimelala hadi saa mbili. Chai tamu, jua zuri, dada anaimba. Hakuna kinachonisumbua isipokuwa lile slow, ambalo sasa liko ndani ya jalada langu hadi nistaafu.

Nimefungua kamusi ya shemeji. Unhurried. Measured. Deliberate, la mtu anayepima kabla ya kutenda. Mazuri mno, na yako tisa. Nimeandika barua kumwomba Mwalimu ayaingize yote. Kurasa chache mbele nimekuta ya ushujaa, nikaongeza matano.

Ukinitafuta, usipige simu ya ofisi, Kimulimuli ndiye anayeipokea. Ingia mlango wa nyuma, chumba cha mwisho kulia, gonga mara mbili. Usiseme unamtaka yule mzito. Sema umekuja kwa Deliberate. Kisha vuta kiti ukae. Nitafungua.