Ng'ombe wa Mzee Rugema na Sehemu ya Pili

Jumatatu, 3 Juni

Mshindani wangu Norbert ametundika kitambaa mbele ya salle yake ya michezo ya video. Kikubwa, kinasomeka tangu barabarani: BONDE LA NG'OMBE, SEHEMU YA PILI, HAPA. Mwongo! Sehemu ya pili haijatoka. Waliotengeneza mchezo huo wanatuahidi tangu dada yangu Agnès yuko sekondari, na sasa anamaliza chuo. Lakini mtaa wetu wote wa Rugenge unaisubiri. Wateja wakihamia kwa Norbert, salle yangu ya michezo imekufa. Lazima niwe wa kwanza.

Tegemeo langu ni Mzee Rugema. Magoti yalimshusha kutoka milimani Mulenge, ng'ombe wake akawaachia watoto wa ndugu yake. Kila alasiri anakaa kwenye skrini yangu anachunga ng'ombe wa mchezoni, kila mmoja na jina lake. Watu wanakuja kumtazama yeye, kisha wanabaki kucheza mpira. Akihama, wanahama.

Jumanne, 4 Juni

Nimetafuta kwenye lile duka la wazi la mtandaoni, ambalo yeyote anaweka mchezo wake bila kuulizwa. Sehemu za pili zimejaa! Moja ina picha ya nyati. Nyingine, ukisoma vizuri, ni ya mbio za magari. Nimechagua yenye nyota nyingi. Agnès anasema nyota hizo wamejipa wenyewe, tena jina la mtengenezaji si lile. Anasoma informatique, mambo ya kompyuta, basi anaona uongo kila mahali.

Mashine ikasema nafasi haitoshi. Rahisi. Nimefuta sehemu ya kwanza. Nani ataitaka ya kwanza ikiwa ya pili imefika?

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Ng'ombe wote weupe, wanatembea kinyumenyume, na kila baada ya muda kidogo linatokea tangazo la dawa ya meno. Mzee Rugema akauliza ng'ombe wake Bihogo yuko wapi. Nikasema amehamia sehemu ya pili. Akaniomba nimwonyeshe. Nikaonyesha mmoja hivi.

Kisha akasimama Espoir, fundi baiskeli wa jirani, akamuulizia Gaju. Kumbe Mzee alikuwa amempa Gaju, humo humo mchezoni! Mimi nilidhani ni utani. Kwa watu wa Mulenge, ukimpa mtu ng'ombe mmekuwa ndugu, na ndama jike mmoja lazima arudi kwa aliyetoa. Gaju alikuwa na mimba, nami nimemfuta pamoja na ndama wake. Sasa Espoir anaonekana mtu aliyekula zawadi akanyamaza. Wametoka bila kuagana, watu waliokuwa wakiitana ndugu. Norbert alikuwa mlangoni, anacheka.

Alhamisi, 6 Juni

Nina akili, watu hawajui tu. Nimerudisha sehemu ya kwanza, nikafuga tangu asubuhi mpaka vidole vikauma. Rangi zile zile, majina yale yale. Mzee amekuja, ametazama, ameweka chini manette, kile kidude cha kuchezea.

“Hizi si ngombe zangu,” akasema. “Ziko na mwenyewe. Minye siwezi kuchunga ngombe za batu, kesho baniite mwizi.”

Nikaeleza kwamba hawana mwenyewe, wamezaliwa leo. Akasema hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe, akaniuliza nimewatoa zizi la nani. Mbele ya wateja! Sasa mtaani mimi ni mwizi wa ng'ombe, na hata mbuzi wa jirani namwogopa.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani, wakati wa matangazo, Mzee Rugema ameomba neno. Amesema hawezi kupoteza ndugu kwa sababu ya mashine. Anampa Espoir mtamba, wa kweli. Irakiza, mtoto wa ndugu yake, amekwisha kumshusha kutoka Mulenge. Espoir amelia. Nimepiga makofi kuliko wote. Wamepatana, basi watarudi salle.

Jumatatu, 10 Juni

Hakuna mtu. Wote wako uani kwa Espoir wanamtazama mtamba akila majani. Hata Norbert amefunga, ameenda kutazama. Nimechungulia juu ya ua. Mzee anamfundisha Espoir namna ya kumwita, wanacheka. Hakuna aliyeniita niingie. Iliniuma, sitaficha.

Lakini nilikuwa na simu mkononi. Nimempiga mtamba picha.

Jumatano, 12 Juni

Duka ni la wazi. Mimi nina kasoro gani? Nimeweka BONDE LA NG'OMBE, SEHEMU YA TATU, na mtamba wa Espoir kwenye jalada. Ndani hamna mchezo bado, ni picha na muziki. Mchezo utafuata, wakubwa nao hufanya hivyo. Nyota tano, nimejipa. Agnès ameuliza kama nimeomba ruhusa ya wenye ng'ombe. Picha tu! Dada huyu atazeeka mapema.

Ijumaa, 14 Juni

Maoni ya kwanza! Yameandikwa na Irakiza: “Huyu ngombe ni ya kwetu, ni ya undugu. Nani alikupa ruhusa ya kumutembeza humu? Tunashuka kesho, famille nzima.”

Agnès amesoma, amefunga begi, ameenda kwa shangazi. Hana moyo wa biashara. Famille nzima, ukoo wote, kwa miguu, kutoka Mulenge, kwa ajili ya mchezo ambao hata haujatengenezwa! Norbert hajawahi kupata wateja wa namna hiyo. Skrini mbili hazitatosha. Nimeenda kanisani kuazima viti.